Kiwanja cha Chama

Redio ilipomaliza kusoma matokeo Jumatatu asubuhi, chama cha Ngoma kilikuwa kimeanguka kabisa, na chama cha Ufunguo kimeshika nchi yote, kuanzia Lusaka mupaka hapa Nchelenge kando ya ziwa Mweru, ambako Ngoma ilikuwa haijashindwa miaka kumi. Kuna walioimba, kuna waliolia. Mwiche hakuimba wala hakulia, maana alikuwa na beseni tatu za chisense mbichi, na chisense haijui rais ni nani. Dagaa hawa wadogo wa ziwa letu wakitoka majini alfajiri wanataka kuanikwa mapema. Ukichelewa mupaka saa ine, jua likiwa kali, matumbo yanapasuka, na uchungu wake hata bata anaukataa.

Alikuwa amefika kwenye kiwanja chake cha kuanikia, amefunika beseni kwa kitenge ili inzi wasitue, na ufagio uko mukononi, ndipo akamuona Royd anakuja.

"Mayo!" alisema Mwiche. "Ni macho yangu ama?"

Huyo Royd, ili mujue, alikuwa mwenyekiti wa pwani kwa jina la Ngoma miaka yote kumi. Yeye ndiye aliyegawa viwanja vya kuanikia. Bila karti ya uanachama wa Ngoma, samaki yako ilioza. Yeye ndiye aliyewafundisha wamama kupiga mapaja kwa viganja, pu-pu, pu-pu, salamu ya chama, hata kwenye matanga ambapo mutu alikuja kulia tu. Na leo, redio haijapoa, alikuwa ndani ya shati la Ufunguo, jipya, lingali na mikunjo ya mufuko wake, na mukono wake uko juu unazungusha kifundo kama mutu anayefungua mulango. Wanaume wawili wenye fulana za Ufunguo walimufuata, nao wanazungusha. Bendera hufuata upepo, sawa, lakini hata bendera inangoja upepo ufike. Shati lile alilipata lini? Alilalia juu yake wiki nzima huku akitupigisha mapaja? Mwiche alitupa ufagio chini kwa hasira.

"Bana Jessy," alisema Royd kwa sauti ya ofisi. Jessy ni binti wa kwanza wa Mwiche, na kwetu mama anaitwa kwa jina la mutoto wake. "Serikali imebadilika. Hii kiwanja unaacha. Sasa iko ya batu ya chama."

"Chama gani? Jana ulikuwa unapiga mapaja!"

"Jana ilipita. Leo tunasafisha pwani. Batu ya Ngoma bote banatoka."

"Na nani amekuambia mi niko mutu ya Ngoma?"

Royd alicheka, akanyooshea kidole kile kitenge juu ya beseni, chenye ngoma kubwa za kijani zilizopangwa mistari. "Na ile? Ile njo ushahidi."

Wee! Nusu ya wamama pwani walikuwa wamejifunga kitenge hicho hicho kiunoni, na wengine wamebebea watoto mugongoni. "Ni weye ulinipa!" Mwiche alipiga kelele. "Na hiyo mikono yako! Ulisema mwenye hana kitenge, haanike! Huna haya, Royd? Hata kidogo?"

Suzanne, muchuuzi aliyevuka ziwa kutoka Kilwa ya Congo, alikuwa amekaa juu ya magunia yake matupu akingoja samaki ikauke. Akapiga makofi. "Aï, ba Royd! Kwetu bakubwa banageuza shati pia, lakini banangoja hata juma moja ipite. Weye hata chai haukunywa!"

Wamama wakacheka. Royd alipowageukia, kila mumoja akainamia samaki yake.

"Hii kiwanja," alisema, "tunapatia Bana Chabu."

Na kweli, kwenye njia ya kutoka majini, Esnart, mama yake Chabu, alikuwa anakuja na beseni kichwani, anatembea taratibu, hatazami mutu.

Hapo hasira ya Mwiche ikapata njia ya pili. Maana tuseme ukweli, kiwanja kile zamani kilikuwa cha Esnart. Si kiwanja cha muchanga mutupu kama vingine. Kimesilibwa kwa udongo wa kichuguu, umepondwa, umemwagiwa maji, umepigwa kwa magogo mupaka ukawa safi kama sahani, na samaki yake hailii ka-ka-ka katika meno. Wanunuzi wa Congo wanaijua, wanaitafuta. Miaka mitano iliyopita, Ngoma iliposhinda mara ya pili, Royd alisikia kwamba mume wa Esnart alionekana kwenye mukutano wa Ufunguo. Kesho yake beseni za Esnart zikamwagwa ziwani, na kiwanja akapewa Mwiche. Esnart akaenda kuanika kule mbali kwenye matete, juu ya muchanga, na hakuna mutu aliyemusikia kulalamika. Mwiche alikuwa amejizoeza kufikiri kwamba kimya kile kilikuwa kukubali.

"Kumbe njo weye!" alimufokea. "Unanunua karti ya Ufunguo kwa siri, unangoja mi nianguke! Nyoka weye!"

"Siko na karti," alisema Esnart, beseni lingali kichwani. "Ya Ngoma sikuwa nayo, na ya Ufunguo siko nayo. Nilisikia banasema kiwanja yangu imefunguka. Nimekuya."

"Yako! Yako namna gani? Mi nilipewa! Royd mwenyewe alinipa, mbele ya batu bote, na banajua!"

Mwiche mwenyewe alisikia maneno yake yalipoanguka, lakini maneno si samaki, hayarudi kwenye beseni.

Royd alitabasamu polepole. "Mumesikia? Bana Jessy amesema mwenyewe. Ni mi nilimupa. Basi mi namunyanganya. Kuko mwenye iko na swali?"

Mwiche alitazama wamama aliouza nao, aliozika nao, aliocheka nao miaka yote hiyo. Mumoja anapanga nyavu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Mwingine amegundua kidole chake kina jeraha. Alitaka kuwatukana mumoja mumoja. Jua lilikuwa limepanda, na harufu ya beseni zake ilikuwa imeanza kubadilika.

"Sawa," alisema Royd, "Bana Chabu, karibu. Lakini kwanza shukuru chama. Zungusha mukono mara tatu, sema: Ufunguo imenipa."

Esnart alishusha beseni lake chini. Akanyoosha mugongo. "Hakuna mwenye alinipa. Ile udongo nilibeba mi."

"Zungusha mukono, mama. Ni kitu kidogo."

"Sizungushe."

"Basi haupate!" Shingo ya Royd ilivimba ndani ya kola ile mpya. Akageukia pwani. "Nani anaitaka? Kiwanja ya udongo, iko wazi! Nani?"

Mukono mumoja ukapanda pale nyuma na kuanza kuzunguka. Halafu wa pili. Halafu mitatu kwa pamoja, mikono ya wamama wenye vitenge vya Ngoma kiunoni, inazunguka haraka haraka, kila mumoja anaogopa kuchelewa. Royd akacheka kwa raha.

Na Mwiche akaujua ule mukono wa kwanza. Si wa yeyote kati yao, ulikuwa wake. Hivyo ndivyo alivyofanya yeye mwaka ule Esnart alipofukuzwa, hapa hapa, na hakuna aliyemulazimisha. Haya ilimushika vibaya, na kwa kuwa hakuwa mutu wa kujua la kufanya na haya, ikatoka kinywani kama hasira.

"Shusheni hiyo mikono!" alilia. "Shusheni, bajinga! Munafikiri munapata nini? Mi njo nilikuwa wa kwanza! Samaki ya huyu mama ilikuwa bado inaelea mu maji, mi nilikuwa nishaanza kupiga mapaja. Pu-pu, pu-pu! Na nilijua! Nilimuona anabeba ile udongo toka kichuguu, misimu mbili nzima ya mvua, ya pili na mimba, na mi nilimupita mu njia nikamusalimia. Nilijua kiwanja ni ya nani, na nikaanika juu yake miaka tano, na usiku nililala usingizi!"

"Bana Jessy, nyamaza," alisema Royd.

"Sinyamaze! Hii kiwanja haikuwa ya Ngoma, na haiko ya Ufunguo. Weye ulikuya hapa mikono mitupu, na karti. Ni ya Bana Chabu! Haukuwa na kitu ya kunipa, Royd. Ulinipa jasho ya mwenzangu, na mi nilipokea!"

Mikono ilishuka. Mama mumoja akasema kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa, kwamba hata chake yeye kilikuwa cha Agness, aliyehamia Kafutuma kwa uchungu. Mwingine akaguna, akasema chake pia kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe yuko hai. Suzanne akasimama juu ya magunia ili asikie vizuri. Royd aliona kinachokuja. Majina yangeanza kutajwa, jina kwa jina, pwani nzima, na kila jina lingerudi kwake. Wale wanaume wawili wa fulana walikuwa wanamutazama yeye sasa, si Mwiche.

"Tutafanya mukutano," alisema. "Chama itatoa maagizo." Akaondoka na kifundo chake kinazunguka kidogo tu, chini, karibu na paja, kama kimesahau kusimama. Watu wake wakamufuata kwa mbali.

Mwiche alibaki anahema. Alimugeukia Esnart, na moyoni, tusimusingizie utakatifu, alikuwa anangoja kitu. Neno moja. Mukono begani. Nafasi kwenye kona ya udongo, beseni tatu tu, kwa siku hii moja.

Esnart alikuwa amepiga magoti, anagusa udongo kwa kiganja, anatafuta nyufa.

"Miaka tano, Bana Jessy," alisema. "Hizo maneno yote ulikuwa nazo miaka tano, na mutoto wangu alikuwa anakula samaki ya muchanga."

"Nimesema sasa. Si nimesema?"

"Umesema. Asante." Esnart akachukua ufagio ulioanguka, akaanza kufagia. "Sasa ondosha beseni zako mu kiwanja yangu. Jua inapanda."