Mia Toa Saba
...na nisimsaidie, daktari ameshaniambia mara mbili, mzee, tafadhali, mwache mama ajibu mwenyewe, basi nimebana midomo na mikono nimeikalia kama mwanafunzi mtukutu, mia toa saba, swali la watoto wadogo, na mke wangu aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu anatazama feni, anazungusha kifungo cha sweta, tisini na tatu, sema tisini na tatu, naomba... jana aliniuliza mimi ni nani, kwa adabu kabisa, akanikaribisha kiti ndani ya nyumba yangu, nikakaa, ningefanya nini... daktari anarudia kwa upole, na upole huo ndio unaonimaliza... mbona Mkaidi hakumshinda, Mkaidi, namba yetu, jina alilitoa yeye, milioni moja na tatu, tulikuwa walimu wapya shule moja, mimi namtaka na maneno sina, nikamwambia nadhani hii ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, tuihakiki, akacheka, wenzako huleta zawadi, wewe unaniletea kugawanya, lakini tukagawana kazi, namba tasa zote mpaka kukaribia elfu, kupita hapo hakuna haja, maana kigawo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, yeye akachukua zile za mwanzo, mbili, tatu, tano, saba na kuendelea, mimi zile kubwa, na kesho yake tu akasema zangu zote zinabakiza, Mkaidi hagawanyiki, upesi mno, nikajua hakugawanya chochote, amenihurumia, nikamwoa na shaka yangu hivyo hivyo, miaka yote namtania, wewe ulibahatisha, naye anacheka, hakubali wala hakatai, hata simu ya mpwa wangu iliposema ni tasa kweli haikunisaidia kitu, namba niliijua, nilitaka kumjua yeye... na sasa nimuulize nani, watoto hatukujaliwa, Mkaidi wetu anaishi katika vichwa viwili tu na kimoja kinazimika, dawa hakuna, daktari hakunificha... "Mama? Mia, toa saba." Feni inazunguka, kifungo kinazunguka. "Inabaki nne," anasema mke wangu, na daktari anaweka alama ya kosa, nimeiona, nne, maskini, nne imetoka wapi... saba, saba ilikuwa fungu lake, milioni moja na tatu kwa saba, nagawanya kichwani polepole kama mtu anayepapasa ukuta gizani, laki moja arobaini na mbili elfu mia nane hamsini na saba, na inabaki... nne, inabaki nne, aligawanya, Mungu wangu, aligawanya kweli, usiku ule alikaa akagawanya kwa ajili yangu, na nikimshukuru leo atanikaribisha kiti... "Tujaribu tena, mama," anasema daktari, "mia toa saba," naye anatazama feni, anazungusha kifungo, na mimi bado nimeikalia mikono yangu.