Kona Juu

Aliyefunzwa na mamaye huufunza ulimwengu. Najua methali haisemwi hivyo, lakini ningekaa kimya siku ile, mama yangu angefundisha bure.

Alifundisha darasa la kwanza miaka ishirini na miwili, katika chumba kilekile cha mwisho karibu na tangi la maji. Vitabu havikutosha hata siku moja, basi akawa anakata maboksi ya sabuni kuwa kadi, kila kadi neno moja kwa wino mzito: chura, ndoo, shangazi, kikohozi. Na kila kadi aliikata pembe ya juu, upande wa kulia. Mtoto asiyejua hata herufi moja aliipapasa, akaitafuta pembe iliyokatwa, akaigeuza ikae sawa, ndipo akaanza kuhangaika na neno. "Kona juu!" mama alisema. "Kona juu!" waliitikia watoto sitini. Hata nyumbani, baba akivaa shati nje ndani, mama alimwambia, "Kona juu, mume wangu," na baba akalivua huku akicheka.

Mwalimu mkuu aliziita kadi zile takataka. Yeye watoto walimbandika jina la Leso, kwa ajili ya kitambaa anachofutia jasho la shingo, kisha midomo, kisha meza. Miaka miwili iliyopita, aliposikia wakaguzi wanakuja, aliamuru kadi zote zichomwe shimoni nyuma ya vyoo. Mama alirudi nyumbani na moja tu, imeungua ubavu. Ilikuwa chura. Hakulia. Alikula, akaosha vyombo, akamwambia baba, "Niletee maboksi."

Alipougua aliendelea kukata akiwa kitandani. Mkasi ulipomshinda, baba alikata na mama akaandika. Baba ni seremala. Alimtengenezea sanduku lenye kifuniko cha kuteleza. Siku aliyofariki, kadi zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, pamoja na ile iliyoungua.

Mwezi mmoja baadaye shule ikaandaa mkutano wa kumkumbuka. Leso akaja nyumbani, nyumba ambayo ni ya shule, akaliomba lile sanduku. "Tulionyeshe kwa heshima, mzee wangu." Baba, mtu asiyejua kumshuku hata mwizi aliyemshika shati, akampa. Mimi nilikuwa kazini, kwenye kiwanda cha uchapaji.

Ukumbini tuliketi mstari wa mbele, mimi, baba na mgeni rasmi, yaani afisa elimu, mama mmoja wa miwani. Nyuma yetu walijaa watoto. Leso alipanda jukwaani, akafungua sanduku, akajifuta shingo.

"Marehemu alikuwa nguzo," alisema. "Mbinu hii niliibuni mimi, naye akanisaidia kukata."

Baba aliinamisha kichwa. Nami nikadhani nimesikia vibaya, mpaka Leso alipolamba kidole gumba, akachomoa kadi. Katikati ya neno kulikuwa na muhuri wa zambarau: OFISI YA MWALIMU MKUU. Akalamba tena, akachomoa nyingine. Muhuri. Alikuwa amezipiga zote. Kazi yangu ni wino, najua: muhuri ukishazama kwenye boksi hautoki ng'o. Na yale mate! Kila kadi aliyoandika mama kitandani, kidole kilichotoka mdomoni mwa yule mtu kilikuwa juu yake, kinang'aa.

Akainua ile iliyoungua ubavu. Pembe iliyokatwa ilikuwa chini.

"Kona juu!" akaropoka kasichana kenye pengo.

Leso akadhani anashangiliwa. "Ahsante, ahsante sana." Akainua nyingine, nayo kichwa chini.

"Kona juu!" Sasa ni safu nzima. "Mwalimu, kona juu!" Wengine walisimama juu ya viti, wakamwonyesha kwa mikono jinsi ya kugeuza. Yeye akazidi kutabasamu, akainua kadi juu zaidi.

Afisa elimu akaniinamia. "Kona juu ndiyo nini, binti?"

Nilipanda jukwaani, nikampa mwalimu mkuu shikamoo yake, maana nimelelewa, kisha nikaigeuza kadi mkononi mwake.

"Aliyeibuni mbinu hii," nikasema, "hawezi kushindwa kitu anachokijua mtoto wa miaka sita. Huyu alizichoma za kwanza. Hii," nikaiinua ile iliyoungua ubavu, "imeungua kwa amri yake. Hizi mama yangu alizikata akiwa anakufa, na huyu amezipiga muhuri na kuzilamba. Unanuka uongo, mwalimu mkuu. Unatia kinyaa."

Nikachukua sanduku, nikashuka. Afisa elimu aliandika kitu kwenye daftari, akaondoka bila kuaga. Alichoandika sikukijua.

Saa moja baadaye tuliitwa ofisini, mimi na baba. Leso hakutukaribisha kuketi.

"Utaniomba radhi mbele ya walimu wote," alisema, kitambaa kikipita shingoni, kisha midomoni. "La sivyo mwisho wa mwezi mnahama. Nyumba ni ya shule. Mliishi humo kwa ajili yake, na yeye hayupo."

Baba alinishika kiwiko. "Mwanangu, kitanda chake kimo mle. Alama za kimo chako zimo mlangoni, aliziandika yeye. Sema neno moja tu yaishe."

Nilimtazama baba, nikakaribia kulisema. Kweli, nilikaribia. Kisha Leso akalamba kidole chake, akafunua ukurasa wa shajara ili aandike tarehe ya mimi kunyenyekea.

Nikafungua sanduku. Nilipekua taratibu mpaka nikaipata, nikaiweka juu ya shajara yake, pembe iliyokatwa upande wa juu kulia, ili asihangaike. SAMAHANI, kwa mwandiko wa mama, na muhuri wa zambarau katikati.

"Neno ni hilo," nikasema. "Umelipiga muhuri, basi ni lako, litumie wewe. Baba, twende tukafunge vitu. Mimi siombi radhi."