Mikate ya Jana

Mama Pacha alioka mikate mizuri, ila hakuna mteja aliyewahi kuila ikiwa ya moto. Kila asubuhi aliuza kwanza iliyobaki jana, akiogopa hasara, na ya leo akaifunika kitambaa. Hiyo nayo ikalala, kesho yake ikauzwa imekauka. Wateja wakaanza kumpita kama hawamwoni. Alishajiapiza kwamba wiki hii isipokwenda vizuri, atazima tanuri na kurudi kuwafulia watu nguo.

Siku hiyo mama mkwe wake alikuja kuwaona wajukuu, akakaa kibandani akimtazama anavyouza. Mwisho akafunua kitambaa, akamega mkate wa moto, akatafuna taratibu kwa ufizi.

"Mwanangu, huu unamwekea nani?"

"Wa kesho huo, mama. Kwanza niumalize wa jana."

"Loo! Kwa hiyo mtaa mzima unakujua kwa mikate mikavu, huu mtamu nimeuonja mimi tu, bibi kizee nisiye na meno?"

Mama Pacha akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Akaitazama mikate ya jana, roho ikimuuma, akaitia yote kikapuni na kumsukumia mkwewe.

"Wapelekee wajukuu zako, wale na chai."

Fundi cherehani wa jirani alikuwa anapita zake, harufu ikamsimamisha. Akanunua mmoja, akaula palepale wima.

"Shemeji, umebadilisha unga?"

"Unga ni uleule."

"Basi nifungie mitatu."