Picha ya Tura

...na huo mkasi kaushika kama fundi cherehani aliyekwisha kupima, huyu Leonia, anadhani simwoni kwa kuwa nimeinamia bakuli la gundi, gundi gani, uji wa unga wa muhogo nilioupika asubuhi nikauacha upoe, gundi ya dukani ni ya watu wenye hela, sisi tuna muhogo, na hiki wanachokiita albamu ni kalenda ya parokia ya mwaka juzi tuliyoigeuza upande mweupe tukaikata vipande vidogo tukaishona kwa uzi wa gunia, jalada lake boksi la biskuti tulilolivika kitenge cha marehemu, kile cha bluu chenye majogoo, "imependeza, Mama mdogo, kuliko hata za dukani," anasema, nami nasema mmh, maana mkono mmoja unasifia na wa pili una mkasi, na chini ya mkasi, hapo kwenye mkeka, ipo picha yangu.

Picha yangu ya Tura. Nimeitoa sandukuni leo, nikasema naazimisha, nikalisema kwa sauti, na Paskazia wa nyumba ya pili alikuwa anapita akasikia, atakuwa shahidi wangu, nimeitoa kwa kuwa nilimwonea huruma mtoto wa watu anahangaika na kurasa tupu, mama yake hakuwa mtu wa picha, Kulwa akiona kamera anakumbuka chungu jikoni, tumepekua nyumba nzima tumepata sura ya kitambulisho cha taifa, kakodoa macho kama mtu aliyekutwa na kuku si wake, tumepata ya akina mama wa parokia, yuko nyuma huko, kilemba tu ndicho kinachoonekana, na ya harusi ya huyuhuyu Leonia, kafumba macho, basi, mwanamke kaishi duniani mpaka kaitwa bibi, anaacha kilemba na macho yaliyofumba... na Jumamosi ndiyo misa ya mwaka, watu watakaa hapa uani, watakula, watanawa, watapeana hiki kitabu mkono kwa mkono, na watu waliokwisha kushiba wanatazama sana, ukurasa wa kwanza, juu ya maandishi Marehemu Imakulata Kulwa, apumzike kwa amani, watamkuta nani, watanikuta mimi.

Maana mimi ni Doto. Yeye Kulwa alitangulia kutoka, kimya, nami nikafuata nyuma yake nalalamika, hivyo alisema mama, na kwa huko kutangulia kwake ndiyo wanawe wananiita mama mdogo na mvi zote hizi... tulifanana mpaka baba akawa anaita majina yote mawili na kumtuma atakayeitika, na mama hakukubali kitu kimoja kiingie kwa mapacha, magauni mawili, vikombe viwili, mgeni akija na muwa mmoja anarudishwa nao mlangoni, mpaka aone mwingine, kwa sababu mmoja akiona hakufikiriwa ataondoka, alisema mama, na hakuwa anatania, alikuwa na hofu hiyo usoni kila tulipougua. Ndiyo maana siku Kulwa yuko kwenye jeneza nilimwona wifi Recheli, mke wa kaka yetu, anakata pindo la kanga yangu, kanga niliyoivaa, hajaomba, akalipenyeza chini ya mto wa maiti, "asije akarudi kukuchukua, wifi," akasema, nikamwambia na wewe usije ukarudi kuchukua lililobaki, watu wakaguna, lakini tangu siku ile nawatazama hawa, nawatazama wote, naona kila mmoja ana kipande changu anachotaka kukipeleka kule.

Simu inalia, ni Mahona, kaka yake Leonia, yuko Kaliua anauza vipuri vya pikipiki, ameweka sauti ya juu huyu binti ili nisikie heshima, "Shikamoo, Mama mdogo!" "Marahaba, ulisema utazisafisha picha wewe, ziko wapi?" "Mambo magumu huku, Mama mdogo, mvua zimeharibu njia, wateja hakuna," "kwani pikipiki haziharibiki mvua ikinyesha?" anacheka, wote wanacheka, kisha Leonia anaondoa ile sauti ya juu, anageukia ukuta, na mtu akigeukia ukuta masikio yangu yanakuwa ya msichana... "bado sijamwambia... atakataa, si unamjua... kitenge kipo, kile cha kijani, ndiyo, na miwani ipo..." kitenge gani, miwani ya nani, Kulwa alikuwa na miwani moja na nilisema ikae sandukuni, wanataka kuuza? Nani atanunua miwani ya marehemu, ina uzi badala ya mguu, au wanataka nihame chumba, miwani inahusiana vipi na chumba, nakoroga uji huu na kidole, unaanza kuwa na madonge, nakoroga tu ili nionekane nina kazi.

"Mama mdogo, usinune," amerudi, anakaa karibu mno, "ukurasa wa mwisho hauna kitu, tukawaza mimi na Mahona... wewe na mama mlikuwa mtu mmoja, sasa ukivaa kile kitenge chake cha kijani, na miwani yake, ukakaa hapo dirishani kwenye mwanga, nikikupiga picha na simu, tukaitoa fotokopi isiyo na rangi, nani atajua?" "Mimi nitajua." "Ni kupunguza gharama tu, Mama mdogo." "Kwa hiyo mnanizika kupunguza gharama." "Jamani!" "Na siku yangu mtakitoa kitabu hikihiki darini, mtafuta Kulwa mtaandika Doto, mmemaliza kazi, kalenda moja maiti wawili." Na huyu mtoto anacheka, badala ya kuona haya anacheka, anatupa kichwa nyuma, pua imekunjamana, meno yote nje, mama yake mtupu, Kulwa alicheka hivyohivyo, hata kanisani, hata pale padri alipojikwaa kwenye zulia Alhamisi Kuu, mimi ndiye niliyenong'ona nikabaki na uso wangu, yeye ndiye aliyetolewa nje... sicheki hivyo mimi, mimi nacheka kwa ndani, nje nabaki hivi unavyoniona.

"Basi, hii ya Tura itatosha," anasema, anafuta machozi, anaishika ile picha kwa kucha mbili, "mama alisema ni yeye." "Mama yako alisema mengi." "Mpaka hospitali alisema, picha ya Tura ni mimi, mwambie Doto." Nami najua alisema, nilikuwa upande wa pili wa kitanda nimeshika bakuli la uji, nilisikia, nikawaza huyu hata anakufa anavizia, anajua sitabishana na mtu mwenye mpira wa dripu mkononi, akanitazama, midomo imekauka, akacheka kidogo, kile kicheko, na mpaka leo sijui alicheka nini... Tulikuwa wasichana, Uhuru bado mbichi, pale Tura reli inapopita, na kabla ya reli watu walipita kwa miguu, babu yetu alipita hapo na pembe ya ndovu begani kwenda pwani, kwa hiyo sisi Tura tumezaliwa kumlisha mpita njia, wasichana wote tulikuwa na sinia, sisi la karanga, tulilishika wawili, mmoja huku mmoja kule, kwa sababu ya mama, na magauni yetu ya kitambaa kimoja, treni la kwenda Kigoma likasimama, bwana mmoja akashuka na kamera, kaptula, soksi mpaka magotini, akapiga, treni likaondoka, basi. Mvua zikaja zikaisha, siku moja gadi wa treni akatoa mkono dirishani, "ya msichana wa karanga hii!" na mikono miwili ikanyooka kuipokea.

Picha moja. Msichana mmoja, anacheka, sinia kifuani. Mama alipoiona hakuuliza ni nani, aliuliza ya pili iko wapi, ya pili haipo, basi akaleta wembe aigawe katikati, kila mtoto achukue nusu uso, ndiyo hii alama hapa, ameanza kukata hivi baba akamshika mkono, na tangu hapo picha ikawa inahama, mara kwangu mara kwake, tumebishana juu ya picha hii mpaka waume zetu walioitwa kusuluhisha wamekufa, tumeiangalia kidevu, tumeiangalia masikio, gauni halisemi, lilikuwa moja, na mimi nilijua, sikudhani, nilijua, ni mimi, kwa sababu namkumbuka yule bwana, nakumbuka soksi zake, mtu asiyekuwepo hawezi kukumbuka soksi.

"Ila haienei," Leonia anasema, ameiweka juu ya ukurasa, inazidi, "nitapunguza huku pembeni tu, huku hakuna kitu, na hili doadoa, ona, hizi chembe nyeupe, ukungu huu, nikiipiga na simu nazifuta zote, inakuwa mpya." Na sasa najua, ndiyo hapo nilipokuwa nasubiri, wataipunguza, wataifuta, wataibadilisha sura mpaka iwe ya wanayemtaka, "lete hiyo simu nione unachofuta," anaipiga, ananisogezea, anafungua vidole viwili juu ya kioo na picha inakuja, inakua, uso unanijia mkubwa kama sinia lenyewe, sijawahi kuuona hivi, tuliuona siku zote mdogo kama kisanduku cha kiberiti... "ukungu huu hapa, Mama mdogo," zile chembe, ziko juu ya sinia, ziko hewani, nyingine karibu na shingo, na siyo ukungu. Ukungu hauna ngozi. Moja imepasuka katikati, naiona nusu mbili. Ni karanga. Karanga zinaruka.

Zinaruka kwa nini... sinia limeinama, upande mmoja uko juu, huyu msichana ameliachia upande wake kwa kucheka, na upande wa pili kuna aliyelishika, kwa sababu peke yake lisingebaki hewani, "vuta huku," namwambia, "wapi?" "huku pembeni ulikosema hakuna kitu," anavuta, na kuna kiwiko. Kiwiko na kipande cha mkono wa gauni, kitambaa kilekile. Na macho ya msichana, siku zote tulisema anaitazama kamera, haitazami kamera, anatazama huku, kwenye kiwiko, ametupa kichwa, pua imekunjamana, meno yote nje... na namsikia, Mungu wangu, nasikia treni linapumua na namsikia mtu anasema, hakugeuza hata uso, anasema polepole kwa Kinyamwezi ili bwana asielewe, huyu kaptula kaiazima kwa mdogo wake, na mwenzake anapasuka kwa kicheko, karanga za mama zinamwagika zote kwenye kokoto, tulipigwa jioni ile, tulipigwa sote wawili, sawasawa.

Nani alisema. Kulwa hajawahi kusema neno kama lile, hakuwa na ulimi huo, Kulwa alikuwa na kicheko, ulimi ulikuwa kwangu, ndivyo tulivyogawana tangu tumboni, mimi ndiye niliyesema, na soksi nilizikumbuka kwa kuwa nilikuwa nazitazama nikitafuta la kuongeza... na huyu wa katikati hatazami soksi, huyu hana hata nafasi ya kutazama soksi. Ni yeye. Ni Kulwa huyu, muda wote huu, na mimi ndiye huyu hapa, kipande hiki, kinachotaka kukatwa ili ukurasa uenee. Na yeye alijua? Pale kitandani, alijua, akaniachia nibishane na hewa mpaka nije nione mwenyewe, au alikuwa anabisha tu kama mimi, kwa mazoea... sitajua, amekwenda nalo, na sasa nani atanisaidia kubisha.

"Mama mdogo," Leonia anasema, "mbona umeng'ang'ania bakuli?" "Uji umeganda, nausugua." Dirishani huko mwanga bado uko palepale, kitenge cha kijani nakiona kwenye kamba, kimefuliwa, kimepigwa pasi, walikwisha kukiandaa hawa, walijua nitakubali, mshenzi Mahona, na sitakubali, ukurasa wa mwisho na ubaki mweupe, kwani shida ni nini, mtu aliyekuwa anakimbilia chungu jikoni mwache akimbilie. Mkasi umerudi ukingoni mwa picha, midomo yake miwili imefunguka, "nikate?" "Usikate pembeni." "Haienei, Mama mdogo," "kunja ukurasa, ongeza karatasi, shona nyingine, kalenda tunayo, usikate, na hizo chembe usizifute." "Kwani kuna nini hapa pembeni, si kiwiko cha mtu tu?" "Ndiyo," nasema, "kiwiko cha mtu, paka gundi mpaka ukingoni kishike," na mkasi bado uko mkononi mwake, nami siondoki hapa mpaka ikauke.