Herufi za Kina Mama wa Kiongoroni

Zamda aliziangalia alama za kuuliza zilizojaa kwenye kioo cha kompyuta, damu ikamchemka. Programu yake ya kutangaza kujaa na kupwa kwa maji iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, maana kule Kiongoroni mama yake na wenzake walisoma chuo cha Kurani, na herufi wanazozijua ndizo hizo. Kwake nyumbani zilitoka vizuri. Hapa ofisini Kibiti, ambako matangazo yangetumwa vijijini, haikutoka hata moja.

"Si nilikwambia?" alisema Nasibu, mkuu wa ofisi. "Kompyuta hii haizijui. Andika kama watu wengine."

"Haizijui, au imekatazwa?"

Programu ile, kabla ya kuandika neno, huitazama kwanza mipangilio ya lugha ya kompyuta, ijue kioo kinapokea herufi zipi. Zamda akaifungua mipangilio hiyo mbele ya Nasibu. Ilisema wazi: herufi za Kiingereza tu, basi.

"Nani kaipanga hivi?"

Nasibu akakohoa. "Mimi. Sikutaka isumbue."

"Kumbe mama zetu ndio usumbufu!"

Akaiwekea UTF-8, mpangilio unaobeba herufi za dunia nzima, akaiwasha programu upya. Herufi zikatiririka, zikitangaza bamvua, yale maji makubwa: yatajaa alfajiri, mashua zitapita.

Nasibu akainama kutazama. "Sasa ofisi nzima hii, nani atazisoma?"

"Hazikuandikiwa ofisi. Kompyuta imeshakubali, kaka Nasibu. Umebaki wewe."