Masale Yaandikwe

Mimi sigombani na watu ovyo. Uliza hapa Elerai yote, watakuambia Mama Anande ana mdomo, na kweli ninao, lakini sina kinyongo. Ila Athumani jirani yangu alinikatia masale, na hilo nilishindwa kulimeza.

Ngoja nikueleze, maana wengine mnadhani isale ni ua la kupamba bustani. Kwetu Machame, Uchagani, isale linapandwa mpakani, na likishapandwa hapo hakuna wa kubisha. Halafu lina kazi nyingine kubwa zaidi. Mtu akikukosea akaja na isale mkononi, unamsamehe, hata kama alikufanyia jambo la kukutoa machozi. Hukatai. Tumelelewa hivyo. Na masale ya kwangu aliyapanda marehemu mume wangu kwa mikono yake, mstari mzima, kuanzia barabarani mpaka nyuma ya choo.

Basi Jumapili moja natoka kanisani, nakuta mstari wote umefyekwa, umebaki usawa wa magoti. Athumani amesimama pale na panga lake, anatabasamu kabisa.

"Mama Anande, nimekusafishia," akasema. "Vichaka vilikuwa vimezidi. Na mbuzi wangu leo wameshiba."

Nimekusafishia! Nilimwambia maneno ya Kichaga ambayo mpaka leo hajui maana yake, na heri asijue. Athumani ni mtu wa Kondoa, mkarimu, mcheshi, simsingizii. Lakini mambo ya masale angeyajulia wapi? Sikuwaza hivyo siku ile. Siku ile nilinuna, na mimi nikinuna nanuna kwelikweli.

Masale yalichipua tena, mazito kuliko mwanzo. Sisi tukabaki palepale. Binti wa Athumani, Rukaiya, akaolewa, kadi nikaletewa, sikwenda. Nilikaa ndani kwangu harufu ya pilau inapita dirishani, nikajifanya sina pua. Baada ya hapo hata Kauthar, mke wa Athumani, ambaye tulikuwa tunaazimana masufuria, akaacha kunisalimia. Miaka miwili tukawa tunapishana kimya, kila mtu anatazama mlima Meru.

Ndipo ikaja habari ya barabara. Serikali inaipanua, na kipande cha mbele cha viwanja vyetu kinachukuliwa. Kwenye kipande changu ndipo ulipo mgahawa wangu. Tangu mume wangu afariki, mgahawa ule ndio uliotulisha na ndio uliomsomesha Anande wangu: asubuhi mtori, mchana loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, na chai muda wote. Mtaani maneno yakawa mengi, eti tingatinga linakuja, eti atakayelipwa ni mwenye bahati. Niliogopa, nisikudanganye. Nilikuwa nakoroga mtori huku najiuliza nitapika wapi.

Kisha akaja mthamini, binti mmoja anaitwa Irine, buti zimejaa matope, ameongozana na Solomoni, mwenyekiti wetu wa mtaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunivunjia?"

Akacheka. "Nimekuja kuthamini, mama. Ardhi ya mtu haichukuliwi bure. Una haki ya kulipwa fidia ya ardhi, jengo, miti, mazao, na hata biashara yako itakaposimama. Usisaini kitu ambacho hujakielewa. Na ukiona hesabu haikutendei haki, unapinga, hakuna wa kukufunga mdomo."

Nilimpenda papo hapo. Nikammiminia chai. Akapima mgahawa, akapima choo, akahesabu migomba na miparachichi. Mwisho akanyoosha kidole kwenye masale.

"Na huu ndio mpaka? Basi jirani yako atasaini kuthibitisha, na wewe utamsainia wa kwake."

Ebo! Nilimtazama Solomoni, naye Solomoni akatazama juu utadhani anatafuta ndege.

"Hapo pana kazi, binti," akasema polepole. "Hawa hawasalimiani."

"Kama hawasaini, itabidi niandike viwanja vyote viwili vina mgogoro," Irine akasema. "Fidia itazuiwa mpaka muelewane. Lakini barabara haitawasubiri. Mimi naenda nyumba ile ya mwisho. Nikirudi nataka niwakute mmeshapatana."

Nikabaki na birika mkononi. Mgahawa utabomolewa, na fidia ya kujengea mwingine itakaa huko ofisini, kisa mimi na Athumani tumenuniana. Lakini isale analipeleka mkosaji, jamani! Na mkosaji ni nani? Si yeye? Nilizunguka mgahawa wangu, nikagusa meza, nikagusa jiko, nikatukana kidogo kwa sauti ya chini. Kisha nikaenda mpakani, nikachuma isale moja zuri, refu, nikavuka.

Athumani alikuwa uani anawalisha mbuzi. Aliponiona na lile jani akarudi nyuma, mikono juu.

"Mama Anande, wallahi sijakata tena!"

"Nimekuletea," nikasema, nikampa kwa mikono miwili. Sikuongeza neno. Ukishalitoa isale huna haja ya hotuba.

"Aa, ahsante sana mama," akasema. Akalipokea, akageuka, akampa mbuzi.

Akampa mbuzi! Naona kwa macho yangu, mbuzi anatafuna isale langu!

"Athumani! Umemlisha mbuzi msamaha wangu!"

Kauthar akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Msamaha gani tena?"

Nikawaeleza, nagomba na kulia kwa wakati mmoja. Nikawaambia isale ni nini, na nani aliyapanda yale, na kwa nini siku ile nilipayuka vile. Athumani akakaa juu ya ndoo, kofia yake ya kiua ameishika mkononi.

"Kumbe vile vichaka alipanda Baba Anande mwenyewe," akasema. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia!"

"Uliniambia Kichaga, mama!"

Kauthar akaanza kucheka, halafu akaacha ghafla. "Na Rukaiya," akaniambia, "mpaka leo ananiuliza alikukosea nini."

Hilo lilinichoma. Mtoto yule alikulia jikoni kwangu, uji wake wa kwanza wa ulezi nilimpikia mimi.

Athumani akainuka. Akamwendea yule mbuzi, akavutana naye, akanyofoa kipande cha isale kilichobaki, kimetafunwa, kinachuruzika mate. Akaniletea kwa mikono miwili, kama nilivyompa mimi.

"Sijui kwenu mnasemaje," akasema. "Na mimi nimekuletea."

Hukatai. Nikalipokea na mate yake.

Irine aliporudi na Solomoni alitukuta watatu kwenye benchi la mgahawa, tunakunywa chai na kubishana kuhusu tangawizi. Hakuamini. Akanisomea alichoandika, taratibu, kitu kimoja kimoja, nikaridhika. Akampa Athumani kalamu. Athumani akainama kusaini, halafu akasita.

"Masale yako wapi hapa?"

"Hayamo kwenye orodha ya mazao, baba. Ni maua tu yale."

"Maua!" Athumani akaweka kalamu mezani. "Sisaini."

"Baba Rukaiya, saini bwana! Mgahawa wangu!"

"Sisaini mpaka masale yaandikwe. Binti, si umesema mtu akiona hesabu haitendi haki anapinga? Mimi napinga. Unajua kazi ya isale wewe? Isale ndilo limeshika mpaka huu. Isale ukiletewa, hukatai!" Akamsomea Irine somo zima, utadhani amezaliwa Machame na kubatizwa hukohuko. Solomoni alicheka mpaka akashika mparachichi asianguke.

Irine alifikiri, akakuna kichwa na kalamu. "Kuna uzio wa mimea," akasema. "Nitayaandika humo, kwa mita."

Athumani mwenyewe ndiye aliyeshika ncha ya futi ya kupimia. Ndipo akasaini, kwa majina yake yote, na mimi nikamsainia. Kisha nikapigwa picha mbele ya mgahawa, nimeshika kibao chenye namba yangu. Irine akaniambia niweke chini lile jani lililotafunwa, linaharibu picha. Nikamwambia apige hivyohivyo.

Fidia ilikuja. Si haraka, ila ilikuja, na mgahawa nimeujenga nyuma kidogo, na una dirisha kubwa. Kabla greda halijapita, Athumani aliyang'oa masale ya mbele kwa jembe, akayapanda upya kwenye mpaka uliobaki. Anayamwagilia yeye, mbuzi amewafunga kule upande wa pili.

Mwezi uliopita ameolewa Siwema, mdogo wake Rukaiya. Kadi ilipofika nilikuwa nimeshashona gauni. Wakaniketisha mbele pamoja na shangazi zake, Rukaiya ubavuni kwangu ananishika mkono. Chakula kilipotoka, Kauthar akaniwekea sahani ya pilau, imejaa nyama. Kabla sijashika kijiko akaniwekea ya pili.

"Mama, hii yote nitaimalizaje?"

"Hiyo ya kwanza ni ya Siwema," akasema. "Hii ni ya harusi ya Rukaiya, nilikuwa nimekutunzia."

Nilizimaliza zote mbili.