Sajini Ongom Akutana na Koleo

Sajini Ongom wa kambi ya polisi ya Nsambya alikuwa mtu ambaye akikohoa tu barabarani, watu huvuka upande wa pili. Lakini gego lake halikujua vyeo. Wiki nzima alisukutua waragi, ile pombe kali, na kutafuna karafuu, shavu likazidi kuvimba.

"Baba Ayot, twende kwa daktari wa meno," alisema mkewe, Kaltumi.

"Nina kazi."

"Kazi gani? Tangu juzi unawaamrisha askari kwa ishara ya mikono! Usipokwenda, nitawaambia unaogopa sindano."

Ongom akavaa sare kamili na bastola kiunoni, ili kujipa moyo.

Tangu Wahindi wafukuzwe nchini, daktari wa meno aliyebaki pale Old Kampala, ghorofani juu ya maduka, alikuwa Dawudi, kijana mpole mwenye miwani. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walipoiona ile sare, meno yao yalipona papo hapo. Kila mmoja akakumbuka ana safari.

Dawudi alipotoka kuona kulikoni, koleo lilimponyoka.

"Afande, mimi sikusema kitu! Aliyesema ni jirani!"

"Jino," alisema Ongom, lakini kwa uvimbe ule neno lilitoka vibaya.

"Jina? Dawudi, afande. Baba yangu ni Yokana. Ukoo wetu..."

"Jino!"

"Ndiyo, afande, Dawudi!"

Kaltumi alicheka hadi akashika ukuta. "Daktari, hajaja kukamata mtu. Amekuja kung'olewa. Tena anakuogopa kuliko unavyomwogopa."

Ongom akaketi kitini, jasho likimtiririka. Sindano ya ganzi ikaja ikitetemeka, mara ielekee puani, mara sikioni. Akaudaka mkono wa Dawudi.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba asipomtuliza huyu daktari, atatobolewa jicho.

"Keti," alisema.

Akavua mkanda wenye bastola, akampa Kaltumi, naye akauficha kikapuni mwake chini ya matoke. Kisha, kwa taabu, Ongom akasimulia jinsi alivyomkimbiza mwizi sokoni Kansanga, suruali ikamshuka hadi magotini akaanguka, na mwizi akarudi kumwinua.

Dawudi alijizuia. Akashindwa. Alicheka mpaka akavua miwani afute machozi, na alipoivaa tena, mkono wake ulikuwa umetulia.

"Sasa njoo," alisema Ongom. "Mama Ayot, nishike mkono."

Sindano ikaingia. Koleo likafuata. Ongom alitoa ukelele mmoja, na huko chini wenye maduka wakafunga milango yao haraka, kila mtu akiwaza kuna raia anayeteswa na askari.

"Limetoka, afande."

"Limetoka lini?"

Ongom aliligeuzageuza lile gego kiganjani, akaona aibu, halafu akacheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa haijafa ganzi. Kaltumi akachukua kikapu, akasimama mlangoni akimngoja. Mumewe hakunyanyuka. Alikuwa ametia kidole upande wa pili wa kinywa.

"Daktari," alisema, "hebu chungulia na huku."